Nani yumo ndani ya Bibi arusi wa Kristo? Maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Bwana asifiwe wapendwa. Maswali haya yametoka kwa watu wa ibada yetu ya Kiswahili hapa Kampala, na nyinyi wenyewe mnajua ilivyo, kuna Wakongo, kuna watu wa Kasese na Bundibugyo, kuna familia za wanajeshi, kuna madereva wa njia ya Malaba na Busia, na kila mtu alikuja na mafundisho ya kule alikookokea. Sasa mtu akitaja Bibi arusi, huyu anaelewa hivi, yule anaelewa vile, na kwenye grupu ya WhatsApp inageuka vita mpaka usiku. Nimejibu vile ninavyoamini mimi, lakini penye Wakristo wanatofautiana nimesema, sijaficha.

Nipe jibu fupi kwanza. Bibi arusi ni nani?

Ni watu wote wa Kristo kwa pamoja, walio hai na waliolala, wa kila kabila na kila zama. Ni mmoja tu. Yesu hana mabibi arusi wengi, kwa hiyo wewe peke yako si Bibi arusi, na kanisa lenu peke yake silo, na mimi vilevile.

Hiyo imeandikwa wapi, au ni mapokeo tu?

Imeandikwa. Waefeso 5:25-32 Paulo anaongea mambo ya mume na mke halafu anasema yeye ananena habari ya Kristo na Kanisa. 2 Wakorintho 11:2 anawaambia Wakorintho "naliwaposea mume mmoja". Yohana Mbatizaji kwenye Yohana 3:29 anajiita rafiki wa bwana arusi. Yesu mwenyewe walipomuuliza mbona wanafunzi wake hawafungi, akajibu kwamba walioalikwa arusini hawawezi kufunga wakati bwana arusi yuko nao (Marko 2:19). Halafu Ufunuo 19 arusi inatangazwa, na sura ya 21 Bibi arusi anaonekana.

Na ukirudi nyuma kabisa, Hosea, Isaya 54, Yeremia 3, Ezekieli 16, kote huko Mungu anaongea na Israeli kama mume anayeongea na mke, tena mke aliyemsumbua sana. Kwa hiyo hii si lugha ya wahubiri wa sikuhizi.

Ufunuo 21 unasema Bibi arusi ni mji. Mji unaolewa?

Swali zuri, na kila mara anayeliuliza ni ndugu aliyelelewa na Wasabato. Malaika anamwambia Yohana njoo nikuonyeshe Bibi arusi, mke wa Mwana-Kondoo, halafu anachomwonyesha ni Yerusalemu mpya ukishuka kutoka mbinguni. Kwa sababu hiyo Ellen White, mmoja wa waanzilishi wa Waadventista, alifundisha kwamba kwenye Ufunuo Bibi arusi ni ule mji mtakatifu, na watu wa Mungu ndio wale walioalikwa kwenye karamu. Wameusoma mstari kama ulivyo, siwezi kuwacheka.

Lakini mimi naona mji wenyewe umejengwa kwa watu. Soma mstari wa 12 mpaka 14 polepole: malango 12 yana majina ya makabila 12 ya Israeli, na misingi 12 ina majina ya mitume 12. Mji wenye majina ya watu mlangoni na kwenye msingi, nani anakaa humo kama si wenyewe? Na sura ya 19:8 inasema Bibi arusi amevikwa kitani, na kitani hiyo ni matendo ya haki ya watakatifu. Mawe na dhahabu hayana matendo ya haki.

Ibrahimu, Sara, Daudi, hao wa Agano la Kale wamo au wao ni wageni tu kwenye harusi?

Hapa ndipo walimu wakubwa wamegawanyika, na wengi wetu tumekula mafundisho ya upande mmoja bila kujua yametoka wapi. Upande huo ulianza kupata nguvu miaka ya 1830 na mhubiri John Nelson Darby, kisha Biblia ya Scofield ya mwaka 1909 yenye maelezo pembeni ikausambaza Marekani, na wamisionari wakabeba mpaka huku kwetu. Wanasema Israeli ni kitu kimoja na Kanisa ni kingine. Israeli ni mke wa Yehova aliyekosa uaminifu, atarudishwa duniani. Kanisa ndilo Bibi arusi wa Mwana-Kondoo, lilianza siku ya Pentekoste na litakamilika siku ya unyakuo, yaani siku waamini watakapochukuliwa kumlaki Bwana. Basi aliyekufa kabla ya Pentekoste ameokoka ndiyo, lakini harusini anakaa kwenye viti vya wageni, na ushahidi wao mkubwa ni Yohana Mbatizaji, kwamba alijiita rafiki wa bwana arusi, hakujiita Bibi arusi.

Upande wa pili, ambao ndio wa Wakatoliki, Waorthodoksi, Waanglikana wengi na Wareformed (makanisa ya mkondo wa Calvin), unasema watu wa Mungu ni wamoja toka mwanzo. Warumi 11 kuna mzeituni mmoja, matawi ya kwanza na matawi yaliyopandikizwa. Waefeso 2 kiambaza cha kati kimebomolewa. Waebrania 11:10 inasema Ibrahimu alikuwa anautazamia mji wenye misingi, ambao mwenye kuujenga ni Mungu, na mji huo ukiufuata unakufikisha kwenye ule wa Ufunuo 21 wenye makabila kwenye malango. Mimi nimesimama hapa. Kama majina ya wana wa Yakobo yameandikwa kwenye mwili wa Bibi arusi mwenyewe, kumwambia Yakobo akae na wageni inanipa shida. Na habari ya Yohana Mbatizaji, alikuwa anaeleza kazi yake, kwamba hashindani na Yesu kwa sababu ya wafuasi, hakuwa anagawa viti vya mbinguni.

Lakini ndugu yako akiamini ule wa kwanza, bado ni ndugu yako, msivunjiane ushirika hapo.

Kanisani kwetu wanasema waliookoka ni wengi lakini Bibi arusi ni wachache ndani yao, wengine ni wanawali wapumbavu wa Mathayo 25, watabaki kwenye dhiki kuu, yale mateso makubwa ya mwisho. Ni kweli?

Hili swali linakuja kuliko yote, hasa kutoka kwa ndugu waliopitia makanisa ya Ujumbe wa Wakati wa Mwisho, yale ya wafuasi wa William Branham. Kwa asiyemjua, Branham alikuwa mhubiri Mmarekani wa mikutano ya uponyaji, alizaliwa 1909 akafariki Desemba 1965 baada ya ajali ya gari huko Texas. Wafuasi wake wanaamini yeye ndiye nabii wa Malaki 4 na malaika wa saba wa Ufunuo, kwamba Bibi arusi ni wale waliopokea ujumbe wa saa hii, na wanaobaki kwenye madhehebu, hata kama wana wokovu, ni wanawali wapumbavu watakaopita kwenye dhiki. Na hata nje ya kwao kuna wanaofundisha kitu cha kufanana, ati Bibi arusi ni wenye kunena kwa lugha tu, au wenye kufunga sana, au walioshinda.

Sasa tufungue Mathayo 25 wenyewe. Wale wanawali 10 si Bibi arusi! Ni wasichana wa kumpokea bwana arusi na taa usiku. Bibi arusi hata hatajwi kwenye ule mfano. Kwa hiyo kuwagawa 10 mara mbili halafu kusema watano ndio Bibi arusi, hapo tumeingiza kitu ambacho hakikuwepo. Pili, wote 10 walisinzia, hata wale wenye busara (mstari wa 5), watu wanapenda kuruka hapo. Tatu, wale watano waliofungiwa nje hawakuambiwa "mtaingia baadaye baada ya dhiki", waliambiwa "siwajui ninyi". Hilo ni neno zito kuliko kubaki kwenye dhiki, ni la mtu ambaye hakuwa wa kwake. Mfano unaogopesha kweli na uache ukuogopeshe, ila hauzungumzi madaraja ya waliookoka.

Halafu angalia Paulo aliwaandikia nani ile "naliwaposea mume mmoja". Korintho! Kanisa ambalo mtu alimchukua mke wa baba yake, wanashitakiana mahakamani, kwenye meza ya Bwana mmoja ana njaa na mwingine amelewa. Aliwakemea vikali, mwingine akaamuru atolewe, lakini hakuwaambia kwamba kuna Korintho la Bibi arusi na Korintho la wengine. Aliwaposa wote, kisha akahangaika usiku na mchana ili siku ile awalete wakiwa safi.

Na kitu kimoja nimekiona: sijawahi kukutana na mwalimu wa hilo fundisho ambaye yeye mwenyewe yuko kwenye kundi la wapumbavu.

Na wale 144,000?

Mashahidi wa Yehova wanafundisha kwamba 144,000 ni hesabu kamili, ndio watiwa-mafuta watakaokwenda mbinguni na ndio Bibi arusi, na wengine waaminifu wataishi milele katika dunia iliyofanywa paradiso. Ndiyo maana kwenye Ukumbusho wao wa kila mwaka karibu watu wote wanapitisha mkate na divai bila kula.

Wakristo wengine wanaona hesabu hiyo ni ya ishara, 12 mara 12 mara 1,000, ukamilifu wa watu wa Mungu, na wengine wanasema ni Waisraeli hasa kwa sababu makabila yametajwa. Mimi naona ukisoma Ufunuo 7 moja kwa moja, Yohana anasikia hesabu, halafu anapoangalia anaona mkutano mkubwa ambao hakuna awezaye kuuhesabu, wa kila taifa, wamesimama mbele ya kiti cha enzi, si mbali nacho.

Dhehebu gani ndilo Bibi arusi?

Hakuna. Wako waliosema ni lao, kwa mfano kuna Wabaptisti wa mkondo ulioanzia Tennessee miaka ya 1850, wengine wao wakafika kusema Bibi arusi ni washirika wa makanisa ya Kibaptisti ya kweli tu, waliobaki ni wageni.

Sisi wa Uganda jibu letu liko Namugongo. Tarehe 3 Juni 1886, kwa amri ya Kabaka Mwanga, mfalme wa Buganda, vijana Wakatoliki na vijana Waanglikana waliuawa pale siku moja kwa jina moja. Kipindi hicho makasisi wa pande hizo mbili walikuwa wanagombana hapa Buganda kama nini. Mapentekoste walikuwa bado hata hawajazaliwa. Sasa wewe uliyeokoka juzi kwenye krusedi simama pale Namugongo useme huyu yumo, huyu hayumo kwa sababu alibatizwa kwa kumwagiwa maji. Mimi siwezi.

Hata Balokole wa zamani, ule uamsho wa miaka ya 1930 wa akina Simeoni Nsibambi, wengi hawakutoka kanisani kwenda kuanzisha dhehebu la walio safi. Mwaka 1941 wanafunzi 26 walifukuzwa chuo cha Mukono, William Nagenda akiwa mmoja wao, na bado wakabaki Waanglikana wakaendelea kutubu na kuimba Tukutendereza ndani ya kanisa lilelile lililowafukuza. Hilo ni somo kwa sisi tunaohama kanisa kwa sababu ya kipaza sauti.

Mimi ni mwanaume, tena ni askari. Kuitwa bibi arusi inanisumbua.

Afande pole, hauko peke yako. Rudi kwenye jibu la kwanza, Bibi arusi ni jina la watu wote kwa pamoja, wewe ni sehemu tu, kama vile dada zetu wanaitwa wana wa Mungu na warithi na hakuna anayelalamika. Luka 20:35 Yesu alisema ulimwengu ule hawaoi wala hawaolewi, kwa hiyo haya si mambo ya mwili. Picha inaeleza agano, uaminifu na upendo wa aliyejitoa kufa.

Na kwa kuwa tumegusa hapo: mtumishi yeyote akimwambia dada kwamba yeye anasimama mahali pa Bwana arusi, au Roho amemwonyesha wao ni mume na mke wa kiroho, huyo dada achukue begi aondoke, na awaambie wazee wa kanisa, na kama ameguswa aende polisi. Usingoje maono ya kuthibitisha.

Sasa hivi tumeolewa au bado?

Watu wa kwanjula, ile sherehe ya Kiganda ya kumtambulisha mchumba kwa wazee wa binti, hawahitaji maelezo mengi hapa. Kwa Wayahudi ndoa ilikuwa na hatua mbili. Kuposwa kulikuwa agano kamili, si uchumba wa kuachana kwa meseji, ndiyo maana Yusufu alipoona Mariamu ana mimba ilibidi awaze kumwacha kama mke (Mathayo 1:18-19) na bado walikuwa hawajakaa pamoja. Baadaye ndipo bwana arusi anakuja kumchukua. Ni kama familia zimeshakaa, ssenga (shangazi wa binti) amemtambulisha muko (mkwe) mbele ya wazee, vitu vimepokelewa, wote wanajua huyu binti ni wa nani, ila siku ya kumpeleka kwake haijafika. Tuko hapo. Mahari ilishalipwa, na 1 Petro 1:18-19 inasema haikuwa fedha wala dhahabu, ni damu. Waefeso 1:14 Roho ni arabuni, yaani malipo ya kwanza ya kuthibitisha. Yohana 14:2-3 amekwenda kuandaa mahali.

Arusi yenyewe itakuwa lini, walimu wa ule upande wa Scofield wanasema Kanisa litanyakuliwa kwanza, arusi mbinguni wakati dunia iko kwenye dhiki ya miaka 7, kisha Yesu anarudi naye. Wengine wanasema kuja ni kumoja tu, waliokufa wanafufuka, walio hai wanakwenda kumlaki Bwana hewani (1 Wathesalonike 4:16-17), na karamu inaanza. Mimi nimeegemea huko kwa pili.

Dada akisuka rasta au akivaa suruali anatoka kwenye Bibi arusi?

Hapana. Vazi limetajwa kwenye Ufunuo 19:8 na halishonwi soko la Owino wala halichaguliwi na kamati ya akina mama. Tena mstari unasema "amepewa" kuvikwa, ni zawadi, na hapohapo linaitwa matendo ya haki, kwa hiyo anayekula mshahara wa watu, hata kama amefunika kichwa mpaka kwenye nyusi, ndiye wa kumuuliza habari za vazi. Adabu ya mavazi ni jambo jema, ongeeni na mabinti kwa upole.

Niliokoka nikaanguka, nina mtoto nje, sasa mimi bado?

Rudi nyumbani. Soma Hosea 2 yote, usiishie mstari wa 13 kwenye hukumu, endelea mpaka 19 na 20 ambapo Mungu anamwambia mke aliyemkimbia kwamba atamposa tena, milele. Kuhusu kama mtu anaweza kupotea kabisa baada ya kuokoka, Wakristo hawajakubaliana, lakini mtu anayeuliza swali hili huku analia bado mlango wake haujafungwa, huyo anayepaswa kuogopa ni yule ambaye haimsumbui. Na huyo mtoto mlete Jumapili, tunataka kumwona.

Masista wa Kikatoliki wanaovaa pete, wao ni Bibi arusi zaidi?

Wao wenyewe hawasemi hivyo. Kanisa Katoliki linafundisha Kanisa lote ni Bibi arusi, na maisha ya mtawa ni ishara ya hilo mbele ya watu. 1 Wakorintho 7 Paulo anaiheshimu hali ya kutooa na hali ya kuoa vilevile.

Kuna nabii amesema yeye amepewa orodha na tarehe, na wa kwake ndio watakwenda. Tumsikilize?

Hapana, na hapa Uganda hatuna kisingizio. Kanungu tunaikumbuka. Lile kundi la akina Joseph Kibwetere na Credonia Mwerinde lilifundisha dunia inaisha mwisho wa 1999, watu wakauza mashamba, mwaka ukapita, na tarehe 17 Machi 2000 wakateketea ndani ya kanisa lililofungwa, watoto nao humo, kisha makaburi mengine yakafukuliwa kwenye nyumba za kundi. Mamia ya watu. Walianza kwa kuamini kwamba waliobaki nje yao wameshapotea.

Tarehe nyingine zote zimepita pia. Harold Camping wa Marekani alisema 21 Mei 2011. Septemba 2025 TikTok ilijaa unyakuo wa tarehe 23 au 24, watu wakaandika kwaheri kwenye status, tarehe 25 wakaamka wakatafuta boda ya kwenda kazini. Mathayo 24:36 hakuna ajuaye. Akikutajia tarehe, muulize tu kama atakuandikia hati kwamba baada ya hiyo siku shamba lake ni lako.

Dalili za haraka: anakutenga na familia, anataka mali yako kabla ya tarehe, hataki uende hospitali, na hakuna mtu anayeruhusiwa kumuuliza swali. Ukiona hata mbili toka.

Mama yangu alikufa Mkatoliki, hakuwahi kusema "nimeokoka". Yumo?

Mimi sina orodha, na pasta wako hana. 2 Timotheo 2:19 inasema Bwana awajua walio wake. Mama aliyekuwa anaamka saa kumi na moja kuomba, anayemtaja Yesu alipokuwa anakata roho, usikubali mtu akuambie ameachwa nje kwa sababu hakutumia maneno ya kwetu. Mlilie kama wengine wanavyolilia wazazi wao.

Naruhusiwa kushiriki Meza ya Bwana kama bado nina wasiwasi kama nimo?

Kama umemwamini Yesu na umebatizwa, njoo. 1 Wakorintho 11:28 inasema mtu ajihoji "na hivyo aule mkate", haikusema ajihoji akae nyuma. Mathayo 26:29 Yesu alisema hatakunywa tena uzao wa mzabibu mpaka siku ile atakapounywa mpya pamoja na wanafunzi katika ufalme wa Baba, kwa hiyo kile kikombe kinaangalia mbele kwenye ile karamu. Kama hujabatizwa, darasa la ubatizo la Kiswahili ni Jumamosi saa nane mchana, muulize mzee yeyote wa kanisa, na wasiojua kusoma waje pia, tunasoma kwa sauti.